Uzito wa Hirizi za Barisa

Wanangu mnaoifanya kazi niliyoiacha, juzi mmoja wenu alinitania pale kliniki Garsen. Nilikuwa nimempeleka mjukuu wangu kupimwa. Muuguzi mwenyewe binti mchangamfu, kucha fupi, mikono safi, nilimpenda mara moja. Alimlaza mtoto kwenye mizani ya betri na namba ikatokea kabla hata sijaweka mkoba wangu chini. Akaiandika kwenye tableti, akanitazama kwa tabasamu, kama mjukuu na bibi yake. "Umeona, shosho? Siku hizi mizani haidanganyi."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Alidhani nimefurahishwa na mitambo. Sikumjibu, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, na kwa sababu dakika chache baadaye kulitokea jambo ambalo nitawaambia tukifika huko. Lakini maneno yake yamenikaa moyoni siku tatu sasa, na ndiyo maana nimeshika kalamu, ingawa mkono siku hizi unatetemeka.

Mizani haijawahi kudanganya, mwanangu. Hata ile yetu ya zamani haikudanganya, ile yenye uso wa saa ambayo tuliitundika kwenye tawi la mkunazi na kumning'iniza mtoto ndani ya suruali ya turubai, anapiga mateke na kutukojolea sare. Ilisema kweli tupu kila siku. Aliyedanganyika ni mimi, na kwa kudanganyika kwangu mtoto wa miezi mitatu na kitu nusura atuponyoke.

Mimi ni Habona. Ni Mpokomo wa kusini mwa mto, baba yangu alilima mpunga na ndizi, na mama yangu alitulea sita kwa samaki na uji. Kazi yangu yote ilikuwa watoto wachanga na midomo yao: anayekataa titi, anayetapika, asiyeongezeka, na mama anayelia kwa sababu ameambiwa maziwa yake ni mepesi. Wengi hawakulijua jina langu. Waliniita Mama Mizani, na nikazoea.

Nilianza nikiwa msichana mwenye cheti kipya na kiburi kipya. Zahanati yetu ilikuwa vyumba viwili na tangi la maji, ng'ambo ya mto. Mkubwa wangu alikuwa muuguzi mmoja mwanamume, Mzee Komora, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Aliendesha pikipiki ya kazi kama aliyebeba mayai, kwa sababu miiba ya miti ya mathenge ilikuwa haitusamehe matairi. Wiki ya kwanza aliniachia darasa la kina mama. Nilikuwa na mwanasesere wa vitambaa niliyemshona mwenyewe, nikamshika kifuani nikaonyesha jinsi ya kunyonyesha. Mama mmoja wa watoto saba akanyoosha mkono. "Huyo wako ana meno?" akauliza. Nikasema hana. "Basi hujui kitu. Wewe hujanyonyesha hata paka." Darasa zima likaanguka kicheko, na Mzee Komora naye nikamwona ameugeukia ukuta, mabega yanamtikisika.

Baadaye alinifundisha bila kunidhalilisha. Mengi niliyoyajua yametoka kwake, na mengine kwa wale wale kina mama walionicheka. Kwamba titi halipelekwi kwa mtoto, mtoto ndiye anayeletwa kwenye titi, tumbo lake kwenye tumbo la mama. Kwamba usubiri afungue kinywa kama anayepiga miayo ndipo umvute haraka, kidevu kikiwa cha kwanza kugusa. Kwamba ukitaka kujua mtoto anakunywa au anachezea tu, usitazame midomo, sikiliza koo. Umuulize mama mtoto amekojoa mara ngapi tangu jana, maana nepi haina aibu ya kusema. Na chupa uiogope, hasa mahali ambapo maji yenyewe yametoka mtoni yakiwa na rangi ya chai. Kikombe kidogo chenye mdomo mpana ni rafiki yako, hata mtoto wa siku moja anaweza kukilamba kama mwanapaka.

Alikuwa na akili ya kuongea na watu, yule mzee. Wafugaji wengi wa wakati ule waliyamwaga maziwa ya kwanza ya mama, yale ya manjano, wakisema ni machafu. Mtoto alipewa samli kidogo au maji ya sukari mpaka maziwa meupe yashuke. Mimi nilikuwa nahubiri kwa maneno ya kitabuni na hakuna aliyenisikiliza. Siku moja Mzee Komora akamgeukia baba mmoja wa Kiorma aliyemleta mkewe.

"Ng'ombe wako akizaa, ile dang'a unaimwaga?"

Yule baba akashtuka. "Nimwage? Ndama nakufa!"

"Haya. Na huyu wako wa nyumbani?"

Mfugaji akamtazama mkewe, akatutazama sisi. Kisha akasema polepole, kama mtu aliyegundua ameibiwa, "Sisi napenda ndama kuliko mtoto?" Baada ya siku ile hatukuhitaji kuhubiri katika kijiji kile. Yeye mwenyewe alizunguka nyumba kwa nyumba.

Lakini Mzee Komora alinipa onyo moja, na onyo hilo ndilo lililoniangusha. Tulikuwa tunakwenda kupima watoto kwenye kijiji cha Waorma, nyumba za nyasi za mviringo, upande wa mbugani ambako ng'ombe hupita wakielekea delta ya mto wakati wa kiangazi. Akasimamisha pikipiki kabla hatujafika.

"Mwanangu, watoto utakaowaona wamefungwa hirizi. Shingoni, kiunoni, mkononi. Usiziguse. Haziwekwi chini, na mtu asiye wa nyumba ile hazishiki. Ukizifungua leo, kesho utapima upepo."

Nikasema nimeelewa. Hata kwetu Wapokomo, kanisani tunakoimba, wapo waliofungwa kamba wakiwa wadogo wakafunguliwa wakubwa. Nilijiona mwenye adabu sana. Nilimpima kila mtoto na vyake vyote, na nguo yake juu, sikufunua wala sikuuliza.

Hapo ndipo nilipompata Barisa. Aliletwa akiwa na wiki sita na mama yake, Maimuna, msichana wa miaka kumi na tisa, uzazi wake wa kwanza. Nyuma yake alikuwa amesimama bibi wa mumewe, Bibi Halako, mwanamke mkavu, mrefu, macho makali kama ya mtu aliyezoea kutafuta mifugo mbali. Maimuna hakusema neno. Bibi ndiye aliyemtia mtoto kwenye suruali ya mizani, na mshale ukasimama kilo tatu na gramu mia nne. Mdogo, lakini nilikuwa nimeona wadogo. Nikamwambia Maimuna anyonyeshe mara nyingi, Mzee Komora akamdunga mtoto chanjo, wakaondoka.

Wiki ya kumi walirudi. Kilo tatu na mia sita. Nikatia nukta kwenye kadi, nikaiunganisha na ile ya kwanza, mstari ukapanda kidogo. "Anakuja polepole, lakini anakuja," nikasema. "Mtoto yuko vizuri." Bibi Halako alinitazama muda mrefu, akafungua kinywa, akakifunga.

Wiki ya kumi na nne, kilo tatu na mia nane. Mstari bado unapanda, ingawa kwa kujikokota. Nikatabasamu. "Mnaona? Yuko vizuri."

Siku hiyo Mzee Komora alikuwa ameitwa mjini Hola, kwa hiyo mdunga sindano nilikuwa mimi. Nikamlaza Barisa mapajani mwa mama yake, nikainua nguo kutafuta paja la kudunga. Wanangu, mpaka leo nikifumba macho naliona paja lile. Ngozi ilikuwa imelegea, imekunjana, kama soksi ya mtu mzima iliyovishwa mguu wa mtoto. Nikainua nguo zaidi. Mbavu nilizihesabu bila kugusa. Na kutoka kifuani mpaka kiunoni, juu ya ile mifupa, alikuwa amefungwa vitu ambavyo sikuwahi kuviona kwa sababu sikuwahi kutazama: vifuko vya ngozi vilivyoshonwa, vipande vya mizizi, shanga nzito, na bangili mbili nene za shaba zilizofungwa kiunoni kwa ukanda.

"Bibi," nikasema, "hizi zote alikuwa nazo tangu siku ya kwanza?"

"Hapana. Kwanza alikuwa na moja, ndogo."

"Na nyingine?"

Alinijibu kwa hasira ambayo alikuwa ameibeba wiki nane. "Wewe kila mara nasema mtoto iko mzuri. Mimi naona mtoto nakwisha. Mimi hapana daktari. Mimi narudi nyumbani nafunga ingine. Nakuja tena, wewe nasema iko mzuri. Narudi nafunga ingine. Hii shaba ni ya mama yangu. Sasa mimi hapana na kitu ingine ya kufunga."

Mmeelewa, wanangu? Mtoto alivyozidi kupungua, ndivyo bibi alivyozidi kumfunga hirizi, na ndivyo mizani yangu ilivyozidi kupanda. Nilikuwa napima hofu ya yule mama mzee na kuiandika kwenye kadi kuwa afya. Yeye bila kujua kusoma alikuwa na kadi sahihi kuliko yangu. Kila hirizi ilikuwa ni siku aliyomtazama kitukuu akasema huyu anatuacha. Nami mwenye cheti niliyapita hayo yote kwa sababu ya adabu.

Nililia mbele yao. Najua mmefundishwa muuguzi asilie mbele ya mgonjwa. Nililia.

Kisha nikaomba. Nilimwambia Bibi Halako kwamba nimekosa, na kwamba nahitaji kujua uzito wa mtoto peke yake ili nijue nimkimbize vipi. Alikataa. Hirizi haziwezi kulala chini wala mkononi mwangu. Nikafikiri, nikamwambia, "Basi usizipe mtu. Vaa wewe. Simama karibu naye, zisitoke kwenye pumzi yake." Akaanza kufungua, moja moja, na kila alichofungua alikivaa yeye: shingoni, mkononi, kiunoni. Akasimama ubavuni mwa mizani, amejaa hirizi za mtoto mchanga, kidevu juu. Mshale ukasimama kilo tatu na mia tatu. Katika wiki nane Barisa hakuwa ameongeza gramu mia nne, alikuwa amepoteza karibu mia.

Tulimpakia kwenye gari la mtu mmoja aliyekuwa akipeleka mbuzi Minjila, mimi, Maimuna, Bibi, mtoto na mbuzi kumi na mmoja. Tukamfikisha hospitalini jioni kabla jua halijazama. Daktari alimpokea, wakaanza kumpa maziwa ya hospitali kidogo kidogo kwa kikombe kila baada ya saa mbili, na dawa, na joto la ngozi ya mama yake kifuani. Siku mbili za kwanza hakuna aliyetuahidi kitu. Hata kulia alikuwa halii, alikuwa anakunja uso tu.

Siku ya tatu ndipo Maimuna alipozungumza nami kwa mara ya kwanza. Alinieleza huku anatazama sakafu. Titi la kushoto lilikuwa limepasuka tangu wiki ya kwanza na lilimuuma mpaka akang'ata kitambaa. Alikuwa ameacha kulitumia. La kulia mtoto alikuwa analivuta nchani tu, analala, anaamka, analia. Ng'ombe wa maziwa walikuwa wamekwenda delta na wanaume, amebaki mbuzi mmoja, kwa hiyo Bibi aliongeza maji kwenye maziwa ya kibuyu aliyopewa mtoto ili yafike jioni. Na maziwa yake mwenyewe yalikuwa yamekaribia kukauka.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Hukuniuliza. Uliuliza mizani."

Maneno hayo aliyasema kwa upole, bila kunilaumu, na yaliniuma kuliko hasira ya Bibi.

Pale hospitalini palikuwa na njia ambayo wengi wenu mnaijua, lakini kwetu ilikuwa mpya. Unachukua mpira mwembamba kabisa, ncha moja unaibandika kando ya chuchu, ncha nyingine unaizamisha kwenye kikombe cha maziwa. Mtoto anyonyapo titi, anapata maziwa ya kikombe, hachoki kwa njaa, na titi linapata habari kwamba linahitajika. Siri ya njia hii ni kikombe. Kikiwa juu ya titi, maziwa yanammiminikia na anazubaa. Kikiwa chini kidogo, anayavuta mwenyewe. Kila anapopata nguvu unakishusha zaidi. Mkono wa mshika kikombe hautakiwi kutikisika, na Maimuna alikuwa na mikono miwili tu.

Bibi Halako akasema, "Lete hapa."

Mwanamke aliyekamua ng'ombe tangu akiwa na miaka sita hafundishwi kushika chombo cha maziwa. Alikaa kwenye ile benchi kama jiwe, kikombe mkononi, akamtazama mtoto koo lake, akakishusha kwa upana wa ukucha, akasubiri. Hakuna muuguzi aliyemzidi. Mimi kazi yangu ilibaki kumrekebisha Maimuna jinsi ya kumshika mtoto, kulikamua lile titi bovu kwa mkono ili lisivimbe, na kupaka tone la maziwa yake mwenyewe pale palipopasuka. Maimuna alikaza mabega kama aliyebeba mtungi, na maziwa yakakataa kushuka. Siku nne, hakuna. Nikamwambia Bibi kwamba mama akiwa na hofu maziwa hujificha.

"Hata ng'ombe," akasema.

Akanipa mimi kikombe, akaenda nyuma ya Maimuna, akaanza kumsugua mgongo kwa viganja kutoka shingoni kushuka. Kisha akaanza kuimba. Sikujua maneno yake, yalikuwa ya Kiorma, lakini Maimuna aliyajua. Alisikiliza kidogo, akageuza kichwa kwa mshangao.

"Bibi! Huo ni wimbo wa kukamulia! Mimi si ng'ombe!"

"Kaa kimya. Ng'ombe yangu hapana sumbua hivi."

Maimuna alicheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka, na alipoanza alishindwa kuacha, wodi nzima ikacheka naye hata wasioelewa. Mabega yakalegea. Na katika kicheko kile maziwa yakashuka, pande zote mbili, yakalowesha nguo, na Barisa akakohoa kwa sababu hakutegemea. Halafu tukamsikia. Koo lake lilikuwa linagonga, kunywa, pumzi, kunywa, pumzi. Bibi aliacha kuimba ili asikie vizuri. Nimesikia kwaya nyingi maishani mwangu, sijasikia tena kitu kilichonifurahisha hivyo.

Walikaa wiki tatu. Kila asubuhi Bibi Halako alimfungua Barisa hirizi, akazivaa, akasimama kando ya mizani. Wauguzi wengine walikuja kutazama. Siku aliyofika kilo nne, alinishika mkono na kuuminya mpaka nikaona nyota, hakusema asante wala nini, akaanza kumfunga mtoto vitu vyake. Niliona bangili za shaba hakuzirudisha. Alizivaa mwenyewe, akaenda nazo nyumbani.

Nilipomsimulia Mzee Komora, nilitegemea anikemee. Nilimwambia, kwa hasira kidogo, kwamba ni yeye aliyenikataza kugusa hirizi.

"Nilikwambia usiguse," akasema. "Sikukwambia usiulize."

Basi hilo moja ndilo nililobaki nalo kazi yote iliyofuata. Nilihamishwa Bura, kwenye mifereji ya umwagiliaji, ambako kina mama walishinda mashambani hadi jioni bila kunyonyesha na tatizo lilikuwa jingine kabisa. Nikafanya kazi Madogo, ambako lori na mifugo havilali na watoto wanapewa chai ya maziwa wakiwa hawana hata jino. Vifaa vikabadilika. Ikaja ile kamba ya rangi ya kupima mkono, ikaja mizani ya betri, zikaja simu, sasa kina mama wana kikundi cha WhatsApp na picha za choo cha mtoto zinatumwa kabla hata sijanywa chai. Sivilaumu vitu hivi, vimeokoa watoto wengi. Lakini kila nilipomshika mtoto niliuliza kwanza: kimeongezeka nini tangu mwezi uliopita? Nani anampa nini wakati wewe hupo? Na wewe mama, panauma wapi? Namba niliitazama mwisho. Kuuliza si ujinga, wanasema, nami nimeongeza kwamba kutouliza si adabu.

Nayakumbuka sana sasa, nikikaa barazani. Naukumbuka mkunazi wetu na suruali za turubai zilizoanikwa zikipepea kama za watu wafupi sana. Naikumbuka harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi. Mzee Komora ameshalala kwao, na Bibi Halako nilisikia naye alifariki mwaka mmoja wa mafuriko, wakati nikiwa Madogo na barabara imekatika. Sikumzika, na hilo linanikera mpaka leo.

Sasa turudi juzi. Nilikuwa bado nafuta machozi ya kicheko changu wakati aliyetufuata alipoingia. Alikuwa mwanamume mrefu, kofia ya pikipiki mkononi, na mkewe kijana aliyebeba mtoto wa wiki kumi, na nyuma yao mwanamke wa makamo aliyejitanda vizuri. Yule binti wa tableti akamtazama mtoto na kusema, kwa heshima kabisa, "Mama, toa hizi vitu kwanza, namba itakuwa si sawa." Yule mke akazikumbatia hirizi za mtoto. Binti akarudia. Foleni ikaanza kunung'unika. Binti akanigeukia, amekwama. "Shosho, nisaidie. Hawataki kutoa. Nifanyeje?"

Kabla sijajibu, yule mwanamke wa nyuma alikuwa amesogea mbele, ananitazama usoni kwa karibu.

"Mama Mizani," akasema.

Nilimjua kwa sauti, maana uso ulikuwa umeongeza miaka. Alikuwa Maimuna. Na yule mwanamume mrefu mwenye kofia ya pikipiki, ambaye kichwa chake kilikaribia kugusa mlango, alikuwa Barisa. Alinipa mkono kwa aibu na kuniamkia. Mkono wake ulikuwa mkubwa, una joto, una nyama. Sikuuachia upesi.

Maimuna akaanza kumfungua mjukuu wake hirizi. Zilikuwa chache, na ya mwisho ilikuwa bangili ya shaba niliyoijua. Nilidhani atazivaa mwenyewe kama Bibi alivyofanya, ndivyo ilivyo haki yake. Badala yake aliniinamishia kichwa nami nikainamisha changu bila kuelewa, akanivisha shingoni. Bangili akanitia mkononi.

"Mama, zinashikwa na mtu wa nyumba tu," nikamwambia. Nilikuwa sijasahau.

"Bibi alituambia kabla hajafa," akajibu. "Alisema, akija Mama Mizani, mpeni yeye."

Yule binti wa tableti alitutazama, mara Maimuna, mara mimi na msalaba wangu shingoni katikati ya zile hirizi. "Shosho, kumbe hawa ni jamaa zako?"

Barisa akanijibia. "Ni wetu," akasema, na akamlaza mwanawe kwenye mizani akiwa uchi kama alivyozaliwa.

Nilisogea karibu, nisitoke kwenye pumzi yake. Kilo tano na gramu mia mbili, na zote zilikuwa zake mwenyewe.